Je, Ni Maumbile au Ni Amana?

Katika baraza za mji wetu, baada ya sala ya Alasiri, hakuna mazungumzo yanayorudiwa zaidi kuliko mazungumzo ya kazi. Fulani amepata, fulani ameacha, mwana wa fulani amemaliza masomo na huu ni mwaka wa pili yuko kibarazani. Na katika maneno hayo daima huwa pande mbili. Wazee husema kazi ni kazi, na mchagua jembe si mkulima. Mtu na ashike alichojaaliwa, moyo utazoea. Vijana nao husema la, kila mtu ana namna alivyoumbwa, na kazi isiyokubaliana na namna hiyo ni kifungo. Sisi tumewasikiliza wote kwa muda mrefu, na katika darsa yetu tumelizungumza jambo hili zaidi ya usiku mmoja. Tunaloliona ni kuwa kila upande una haki katika neno moja na umekosa katika jingine, na kosa lao wote wawili latoka mahali pamoja.

Kosa hilo limejificha ndani ya lugha yetu. Tunalo neno "tabia", na neno hili tumelitwika mizigo miwili. Twasema "fulani tabia yake ni mkimya", nasi twakusudia alivyoumbwa, jambo ambalo hakulichagua wala halaumiwi kwalo. Kisha twasema "fulani ana tabia njema", nasi twakusudia ukweli wake, haya zake na uaminifu wake, yaani mambo ambayo mtu huyashika kwa khiari yake na ambayo ataulizwa. Vitu viwili mbali mbali tumevitia katika kapu moja, na kila tunapotia mkono hatujui tutatoa kipi. Basi katika makala haya tutasema "maumbile" kwa lile la kwanza, na "maadili" kwa lile la pili, yale ambayo mtu ameyatukuza katika nafsi yake hata hakubali kuyauza. Msomaji atuvumilie, tofauti hii yaonekana ndogo katika karatasi, lakini tumeona nyumba zikiteseka kwa kutoijua.

Tuanze na maumbile. Hivi karibuni alitujia kijana mmoja aliyeacha kazi ya hoteli baada ya miezi mitatu. Tulipomwuliza sababu alitoa simu yake akatuonyesha herufi nne za Kizungu. Alikuwa amejibu maswali katika mtandao, na mtandao ukamwambia kuwa yeye ni mtu wa namna kadha, na kuwa watu wa namna hiyo hawafai kwa kazi za kukutana na watu. "Maalim," alituambia, "mimi ndivyo nilivyo."

Hatukumcheka, kwani jambo la kuwagawa watu kwa namna zao si la jana. Matabibu wa Kiyunani, na baada yao Ibn Sina katika Al-Qanun, kitabu alichokimaliza kiasi cha mwaka 1025, waliona kuwa mwili wa mtu umechanganywa kwa vitu vinne: damu, balghamu, safura na sauda, na mchanganyiko huo ukaitwa mizaji. Maneno haya yamebaki vinywani mwetu mpaka leo, ingawa safura imekuwa jina la ugonjwa, na mizaji imekuwa ni khabari ya mtu kuamka vizuri au kuamka vibaya. Elimu ya leo imekwisha viacha vile vitu vinne. Mwaka 1921 tabibu mmoja wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu alichowagawa watu kwa wale ambao nguvu za nafsi zao huelekea nje, kwa watu na mambo ya dunia, na wale ambao nguvu zao huelekea ndani. Fikira zake zikamvutia mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, pamoja na binti yake Isabel Myers. Wawili hawa hawakuwa wamesomea elimu ya nafsi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili binti akaanza kutunga maswali ya kumsaidia mtu ajue kazi itakayomfaa, na mwaka 1962 maswali yale yakachapishwa. Ndani yake mna namna 16 za watu, na kila namna ina herufi nne. Huko ndiko zilikotoka herufi za kijana wetu.

Wataalamu wameupima mtihani huo na wengi wao hawakuridhika nao. Mtu akiulizwa tena baada ya majuma machache mara nyingi hutoka na herufi nyingine. Hata wenye kuutunza wenyewe wamesema usitumiwe katika kuajiri. Tulipomweleza kijana maneno haya alinyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa aliyajibu maswali yale usiku wa siku ambayo mkubwa wake alimgombeza mbele ya wageni. Hasira ya usiku mmoja aliisoma kuwa ni maumbile ya maisha.

Lakini kuukataa mtihani si kuyakataa maumbile. Wataalamu wa leo hawawatii watu katika vyumba 16, bali huwapima kwa vipimo vitano, kama vile mtu apimwavyo urefu: kila mmoja anao, mwingine zaidi, mwingine kidogo. Hupima kupenda watu na mazungumzo, uangalifu wa kutimiza wajibu, upole na wenziwe, wepesi wa kuingiwa na khofu na huzuni, na kupenda mambo mapya. Na uchunguzi wa mapacha umeonyesha kuwa kiasi cha karibu na nusu ya tofauti baina ya watu katika vipimo hivi yatokana na urithi. Mwaka 1991 Wamarekani wawili, Barrick na Mount, walikusanya uchunguzi 117 uliokwisha fanywa juu ya maumbile na kazi. Wakaona kuwa uangalifu humfaa mtu katika kazi za kila namna, na kuwa kupenda watu na mazungumzo humfaa khasa mwenye kuuza na mwenye kuongoza wengine. Nguvu ya mambo haya si kubwa mno, wala hayamfungi mtu, lakini yapo. Basi kijana aliposema kuwa watu hawakuumbwa sawa alikuwa amesema kweli, ila dalili yake ilikuwa dhaifu.

Na sisi Waislamu hatukungoja mwaka 1991 tuambiwe hayo. Sahaba Abu Dharr (R.A.) alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe kazi ya utawala. Mtume alimpiga bega kwa mkono wake, akamjulisha kuwa yeye ni dhaifu na kuwa kazi ile ni amana. Na katika mapokezi mengine alimkataza asiwe amiri hata juu ya watu wawili wala asisimamie mali ya yatima, baada ya kumwambia kuwa ampendelea yale anayojipendelea nafsi yake. Ni nani huyu anayekataliwa? Ni mtu ambaye Mtume huyo huyo alimsifu kwa ukweli wa ulimi kwa sifa ambayo wachache wameipata. Maadili yake hayakuwa na doa. Lililopunguka ni maumbile ya kazi ile: utawala wataka mtu avumilie, apime, anyamaze leo aseme kesho, na Abu Dharr hakuwa mtu wa kungoja kesho. Ibn Taymiyya, alipoandika juu ya uongozi, aliutaja mfano huu huu, akasema kuwa kila kazi yataka vitu viwili, nguvu na amana, na kuwa ni nadra viwili hivyo kukutana katika mtu mmoja. Nguvu ya kazi ni ile ya kuiweza kazi yenyewe: nguvu ya vita ni moyo na hila, nguvu ya hukumu ni elimu na kusimamisha haki.

Hapa hatuna budi kueleza kosa letu wenyewe, kwani si haki kuwasema wengine na sisi tukajificha. Miaka iliyopita mzee mmoja jirani yetu, mwenye duka la leso, alitutaka shauri: amwachie duka mwanawe yupi? Tulimtajia mdogo, ambaye alikuwa mwanafunzi wetu. Tulimjua kuwa haibi, hasemi uongo, na akikopa senti huirudisha. Tukamwambia yule mzee, "Kijana mwaminifu ndiye wa duka." Maneno yenyewe yalitufurahisha tulipokuwa tukiyasema.

Lakini yule kijana alikuwa mkimya wa kuzaliwa. Kila ajuaye biashara ya leso ajua kuwa mwanamke haji kununua nguo tu, bali huja kununua na jina la leso, na mwenye duka hulisoma jina lile kwa sauti, akatia na mzaha kidogo, akauliza ni ya harusi ya nani, na khabari za wenyewe. Mwanafunzi wetu aliulizwa na mama mmoja ni ipi katika leso tatu itakayompendeza mkwewe, akajibu, "Zote ni sawa." Yule mama akaondoka. Hesabu zake za duka zilikuwa safi, hazikukosa hata shilingi, na kila mwezi zilionyesha kwa usafi huo huo kuwa duka linakufa. Lilifungwa kabla ya kutimia miaka miwili.

Na kosa letu kubwa halikuwa lile shauri. Mtu hushauri akakosea. Kosa letu ni kuwa duka lilipokuwa likianguka tulimwita kijana tukamwambia kuwa hana bidii, na kuwa mtu asiyelinda mali ya babake huyo ana upungufu wa akhlaki. Tulichukua jambo la maumbile tukalihukumu kama jambo la maadili. Alitusikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyotusikiliza katika darsa miaka yote, akaamini kuwa yeye ni mtu mbaya. Aliamini hivyo muda mrefu. Leo yeye ni fundi wa mashine za boti, na watu humfuata kutoka mbali. Hushika mashine asubuhi, na pengine hasemi neno mpaka adhuhuri. Tulipomwendea kumtaka radhi alitusamehe upesi kuliko tulivyostahili. Hata hivyo miaka ile hairudi.

Sasa tutazame upande wa pili, ambao ndio ulio mzito.

Kijana mwingine tuliyemfunza alikuwa karani katika ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa mjini. Kazi yake ilikuwa kuingiza katika kompyuta khabari za mizigo: ni nini, yatoka wapi, thamani yake ni kiasi gani. Siku moja aliletewa ankara mbili za mzigo mmoja, moja ya kweli na nyingine yenye thamani ndogo, akaambiwa aandike ile ndogo ili ushuru upungue. Akasema hawezi. Mkubwa wake hakumfokea, wala hakumtisha. Alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Kijana, wewe huna tabia ya kazi hii. Kazi hii yataka mtu mwepesi." Baada ya mwezi hakuwa na kazi.

Msomaji na alitazame jawabu lile, kwani ndani yake mna hila ambayo huenda aliyeisema hakuijua. Karani alikuwa ametoa neno la maadili, mkubwa akalirudisha kuwa ni neno la maumbile. Kana kwamba kukataa uongo ni kama kuogopa bahari, jambo la mtu kuzaliwa nalo, ambalo wenye bahati hawanalo. Na jamaa zake nao, kwa kumtetea, wakasema maneno yale yale. "Mwacheni, ndivyo alivyoumbwa. Tangu mdogo ni mgumu."

Sisi tuliomfunza twajua kuwa hakuwa mgumu hata kidogo. Alikuwa mpole kupita kiasi, mtoto asiyeweza kumwambia mtu "la". Akiazimwa kalamu huitoa, kisha hukaa bila ya kuandika. Lau angeliyafuata maumbile yake siku ile angeliandika ile ankara ndogo, tena kwa tabasamu, kwa kumwonea haya mkubwa wake. Mwenyewe alitueleza kuwa mikono ilikuwa ikimtetemeka mpaka akaificha chini ya meza. Maumbile yake yote yalisema "andika". Aliyekataa ni mwingine aliye ndani yake, ambaye hakuzaliwa naye. Amelelewa na mama yake, na chuo, na sala, na yeye mwenyewe amemchagua kwa miaka mingi bila ya kujua kuwa siku ile itakuja. Kumwambia mtu huyu kuwa "ndivyo alivyoumbwa" ni kumnyang'anya jambo lake moja ambalo kweli ni lake.

Na mchanganyiko huu huenda pia kwa njia nyingine, nayo ni khatari khasa kwetu sisi tunaojinasibisha na dini. Mtu huwa mwoga kwa maumbile, akaiita khofu yake wara'. Huitwa asimamie mali ya wakfu, au aingie katika kamati ya shule, au ashike kazi ya serikali ambayo watu wanyonge wangepata nafuu kwa kuwako mtu wa haki ndani yake, akasema, "Mimi najichunga na amana." Pengine ni kweli ajichunga. Pengine hapendi tu kugombana na watu, na amana ameifanya shuka ya kujifunika.

Katika jambo hili tunao mfano wa wanavyuoni wawili. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanya biashara wa nguo za hariri katika mji wa Kufa. Imesimuliwa kuwa mshirika wake aliuza nguo yenye ila bila ya kuitaja ila ile kwa mnunuzi, na Imam alipojua akaitoa sadaka fedha yote ya mauzo. Alitakiwa awe kadhi akakataa. Alipigwa mijeledi kwa kukataa wakati wa Banu Umayya, na katika wakati wa Khalifa Mansur alifungwa, akafa Baghdad mwaka 767. Mwanafunzi wake mkubwa, Abu Yusuf, aliupokea ukadhi, akawa Kadhi Mkuu wa Harun al-Rashid, wa kwanza kuitwa kwa jina hilo, na akamwandikia Khalifa kitabu juu ya kodi ya ardhi, ndani yake akimwonya asiwadhulumu raia. Mwalimu alikataa, mwanafunzi akakubali, na umma haukumwita mmoja wao kuwa amekhini. Tena Abu Hanifa hakukataa kwa kuogopa watu. Mwenye kuogopa watu hangoji mjeledi. Wala Abu Yusuf hatumdhanii kuwa alikubali kwa kupenda cheo tu. Khabari zake za utotoni zasema kuwa alikuwa maskini, jamaa zake wakitaka ajifunze kazi ya mikono alete chakula, na Abu Hanifa ndiye aliyemsaidia kwa fedha yake ili asome. (Wazazi wenye kumtoa mtoto chuoni kwa haraka ya mshahara na waikumbuke khabari hii.) Maadili yao yalikuwa mamoja, maumbile na nyakati zikakhitilafiana, na kwa hivyo kazi zao hazikuwa moja.

Lakini mfano uliotushughulisha zaidi katika darsa ni wa Imam Ghazali. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha kufundisha katika Nizamiyya ya Baghdad, naye ana miaka 33 tu. Katika kitabu alichoeleza safari ya nafsi yake, Al-Munqidh min al-Dalal, amesema kuwa wanafunzi 300 walikuwa wakimhudhuria. Na katika kitabu hicho hicho amesema jambo ambalo wengi hulipita bila ya kusimama: kuwa kiu ya kuijua hakika ya mambo ilikuwa ni maumbile ambayo Mwenyezi Mungu ameyatia ndani yake tangu ujana, si kwa khiari yake wala hila yake. Basi kazi aliyopewa na maumbile aliyoumbwa nayo vilikubaliana kama chanda na pete. Kama kazi njema ni ile inayokubaliana na maumbile peke yake, asingepatikana mtu Baghdad mwenye raha kuliko yeye.

Mwaka 1095, katika mwezi wa Rajabu, ulimi wake ulifungika. Alijikaza afundishe japo siku moja, kwa kuwafurahisha wanafunzi, asiweze kutamka neno. Kisha chakula kikamkataa, hata tonge moja haishuki. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kuwa hili ni jambo lililoteremka moyoni, na kutoka moyoni likaenea katika mizaji. Hapa twalikuta tena lile neno letu la mizaji, lakini ajabu ni mwendo wake: matabibu wa zama zile, ambao elimu yao yote ilikuwa ni ya mizaji, walipomtazama mgonjwa huyu walikiri kuwa ugonjwa haukuanzia huko.

Na jambo lenyewe lilikuwa nini? Aliitazama nia yake katika kufundisha akaiona si safi kwa ajili ya Mungu. Kilichomsukuma ni cheo na kutajwa. Aliivuta nafsi yake karibu miezi sita, siku hii akiazimia kutoka, siku ya pili akivunja. Mwisho aliigawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake, akatoka Baghdad kwa kudhihirisha kuwa aenda Makka, hali ya kuwa moyoni akusudia Sham. Baada ya miaka kumi na moja hivi, mwaka 1106, alirudi kufundisha, mara hii katika Nizamiyya ya Nishapur. Akaeleza kuwa ingawa amerudi kwenye kufundisha, hakurudi kule alikotoka. Kwani zamani alikuwa akiieneza elimu ambayo kwayo mtu huchuma cheo, na sasa awaitia watu elimu ambayo kwayo cheo huachwa. Alikufa Tus mwaka 1111.

Kazi ile ile, kiti cha namna ile ile, na kiu yake ya kujua haikupungua. Ndugu mmoja katika darsa aliuliza: basi kilichobadilika ni nini, kama mtu wa nje angeingia msikitini asingeona tofauti? Tulimjibu kuwa tofauti huenda isionekane na mtu wa nje, na mwenye kazi mwenyewe hawezi kula chakula kwa sababu yake.

Lakini kuna neno moja katika khabari hii ambalo hatukulitia maanani mpaka lilipotajwa na mzee mmoja mchukuzi wa mizigo, ambaye huja katika darsa akakaa nyuma karibu na viatu. Alisema, "Maalim, umesema alibakisha cha kuwatosha watoto wake. Na asiye nacho?"

Swali hili ni la haki, na makala haya yasingekuwa na maana tungeliruka. Kwa kazi ambayo yachokesha maumbile tu, jawabu letu si gumu: mtu na avumilie kama hana budi, huku akitafuta. Mkimya aweza kufundisha watoto hamsini, mradi apate saa yake ya kukaa peke yake. Mwenye kupenda watu aweza kukaa na hesabu, mradi jioni ana baraza yake. Maumbile yana kunyumbuka. Huuma, lakini hayauawi kwa mwezi wala kwa mwaka. Wazee wanaposema moyo huzoea, katika hili wamesadiki. Na yule kijana wa hoteli tulimwambia arudi akajaribu mwaka mzima kabla ya kujihukumu, naye amerudi.

Ama kazi yenye kutaka uuze amana, huko mazoea ndiyo msiba wenyewe. Ankara ya kwanza mikono hutetemeka. Ya ishirini haitetemeki. Huyo aliyezoea hatamwona tena yule mwingine aliye ndani yake, na atawaambia vijana kwa huruma ya kweli kuwa hawana tabia ya kazi. Kwa hivyo katika hili hatuwezi kusema "vumilia, utazoea". Twasema atoke, na kama hawezi kutoka leo, basi asiache kutafuta mlango, wala asiifanye haja yake kuwa ni halali. Lakini twalisema hili kwa sauti ya chini, kwa sababu sisi wenye kuandika hatukuwahi kutakiwa tuandike ankara ile.

Yule karani alikaa miezi 14 bila ya mshahara. Alifanya kibarua, alisomesha watoto wa watu, alikopa. Mkewe aliuza bangili zake za dhahabu, kwanza mbili, kisha zilizobaki. Katika muda ule wako waliomsifu mumewe msikitini, nasi tulikuwa miongoni mwao. Wala haikutupitia kuuliza jikoni kwake mna nini. Alipopata kazi nyingine, yenye mshahara mdogo kuliko wa kwanza, yule mke alitujia nyumbani pamoja na mama yake. Hakuja kulaumu. Alisema, "Maalim, nyinyi ndio mliomfunza, na mimi sijuti kwa alilolifanya. Lakini ule ushuru ulikuwa haki ya watu wote, na yeye aliulinda kwa ajili ya watu wote. Mbona gharama imekuwa ya nyumba yetu peke yetu?"

Tulilipeleka swali lake katika darsa ya Alkhamisi. Mmoja alitoa rai kuwa liwekwe sanduku la kuwakimu wanaopoteza kazi kwa kukataa khiyana. Mwingine aliogopa kuwa watajitokeza wavivu waliofukuzwa kwa uvivu wao, nao watasema ni amana. Na ni nani atakayewapambanua? Yule mzee mchukuzi alisema kuwa watapambanuliwa na wale waliofanya kazi pamoja nao, kwani bandarini kila mtu amjua mwenziwe. Tuliachana usiku ule bila ya kukata shauri. Sanduku limekwisha nunuliwa na liko katika chumba cha darsa, halijaandikwa jina. Mwenye rai juu ya namna ya kulisimamia na atuletee kabla ya toleo lijalo.